Stakabadhi ya Kondoo 65 na Karne Tatu Zinazodaiwa Kubuniwa

"Mjomba, kumbe tumedanganywa mwaka?" Mpwa wangu alinitumia maneno hayo pamoja na video ya dakika mbili hivi, moja ya zile zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp na TikTok. Msimuliaji, kwa sauti nzito na muziki wa kutisha nyuma yake, anadai kwamba miaka 297 ya Zama za Kati haikuwahi kuwapo. Kwamba kati ya mwaka 614 na 911 hakuna kilichotokea kwa sababu miaka hiyo ilitungwa kwa kalamu, na kwamba kwa hesabu ya kweli leo tungekuwa kwenye miaka ya 1720. Ushahidi mkubwa anaoutoa ni kalenda: Papa alifuta siku 10 mwaka 1582, basi anayeweza kufuta siku anaweza pia kuchomeka karne. Chini yake kuna mamia ya maoni ya watu walioshtuka, na wengi wanaamini kwa sababu sehemu moja ya habari ile ni kweli. Siku 10 zilirukwa kweli. Kilichoeleweka vibaya ni maana yake.

Ninachotaka kusema ni hiki. Kalenda ni mapatano ya watu kuhusu jina la siku. Ukibadilisha jina, siku yenyewe haijaguswa. Na Zama za Kati hazikuandikwa katika kalenda moja iliyokaa mikononi mwa Papa au mfalme mmoja wa Ulaya. Zimeandikwa na watu wa Madina, Misri, Uchina, Habasha na kwingineko, kila mmoja kwa hesabu yake na kwa shughuli zake, bila kumwomba mwenziwe ruhusa. Hesabu hizo zinapokutana juu ya siku moja, hapo ndipo historia inaposhikika. Nadharia ya karne zilizobuniwa inaanguka kwa kosa la kudhani kwamba saa ya dunia nzima ilikuwa imetundikwa kwenye ukuta mmoja, huko Roma.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tulipaswa kuwa wa mwisho kudanganyika kwa hili. Simu inaonyesha 7:00, sisi tunasema saa moja asubuhi, na hakuna mtu anayelalamika kwamba saa sita zimeibwa. Mtu wa pwani akisema usiku wa Ijumaa anakusudia usiku ambao kwa kalenda ya ofisini bado ni Alhamisi, kwa kuwa kwake siku huanza jua linapotua. Mwaka wa Hijria unafuata mwezi mwandamo, na ndio unaotupa Ramadhani, Mfungo Mosi na Mfungo Pili. Mwaka wa Miladi ndio wa mishahara na mitihani. Na mabaharia na wakulima wa pwani walikuwa na mwaka wao wa tatu, wa jua, uliohesabiwa kwa miongo, yaani siku kumi kumi tangu siku ya mwaka, ili kujua kaskazi itaanza lini na kusi itapiga lini. Makunduchi bado wanauoga mwaka huo kila Julai. Kalenda tatu ziliishi katika nyumba moja na hazikugombana.

Nadharia yenyewe ina mwenyewe. Iliwekwa mbele na Mjerumani Heribert Illig miaka ya 1990. Anasema Kaisari Otto III na Papa Sylvester II, waliokuwa madarakani karibu na mwaka 1000, waliisogeza hesabu mbele ili watawale katika mwaka wa elfu moja tangu kuzaliwa kwa Kristo. Ili pengo lijazwe, wafalme wakatungwa, Charlemagne akiwa wa kwanza wao. Wanahistoria wa Ulaya waliikataa tangu mwanzo, lakini intaneti haina desturi ya kuzika kitu, na sasa imetafsiriwa kwa Kiswahili ikatua kwetu bila majibu yake.

Tuanze na hoja ya kalenda, kwa kuwa ndiyo inayobebwa na kila video na ndiyo dhaifu kuliko zote. Julius Caesar aliweka mwaka wa siku 365 na robo, ukaanza kutumika mwaka 45 kabla ya Kristo. Mwaka wa jua ni mfupi kuliko huo kwa dakika 11 hivi. Dakika hizo ukiziacha zirundikane, kila miaka 128 kalenda inapishana na jua kwa siku moja. Illig anapiga hesabu hivi: kutoka Caesar hadi 1582 ni zaidi ya miaka 1,600, kwa hiyo kalenda ilipaswa kuwa imepotoka kwa siku 13 hivi, lakini Papa Gregory XIII alirekebisha siku 10 tu. Siku tatu zilizobaki, anasema, ni zile karne tatu ambazo hazikuwapo.

Hesabu ni sahihi, ila ameanzia mahali pasipofaa. Gregory hakuwa na nia ya kuirudisha kalenda kwenye siku za Caesar. Alichokitafuta ni Pasaka. Kanisa linaihesabu Pasaka kwa kufuata siku ya Machi ambayo usiku na mchana hulingana, na tangu Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, siku hiyo ilichukuliwa kuwa 21 Machi. Kufikia 1582 ilikuwa imeteleza hadi 11 Machi. Toa 325 kwenye 1582, unapata miaka 1,257. Gawanya kwa 128, unapata karibu 10. Zile siku tatu nyingine ziliteleza kati ya Caesar na Nikea, na hakuna aliyetaka kuzirudisha. Kwa hiyo rekebisho la 1582 linathibitisha kwamba karne zote zilizo kati ya Nikea na Gregory zilipita kweli, maana kama miaka 297 isingekuwapo, kalenda ingekuwa imepotoka kwa siku saba na ushei tu. Tena hata hizo siku 10 hazikukatwa kwenye maisha ya mtu. Watu walilala Alhamisi tarehe 4 Oktoba wakaamka Ijumaa tarehe 15 Oktoba. Ijumaa ilifuata Alhamisi kama kawaida. Juma halikukatika, na ndiyo maana hadi leo Mwislamu, Mkristo na Myahudi wakikutana sokoni hawabishani kwamba leo ni siku gani.

Kuna hoja nyingine za upande ule ambazo sitaki kuzipuuza. Ni kweli kwamba watu wa Zama za Kati walighushi nyaraka, tena kwa wingi. Hati iliyodai kwamba Kaisari Konstantino aliwakabidhi mapapa utawala wa magharibi ilitumiwa kwa karne nyingi, mpaka mwanazuoni wa Italia Lorenzo Valla alipoonyesha mwaka 1440 kwamba Kilatini chake si cha zama za Konstantino. Ni kweli pia kwamba sehemu kadhaa za Ulaya zina majengo na maandishi machache ya karne ya saba na ya nane. Mtu anayeuliza maswali juu ya hayo hafanyi kosa. Lakini tazama Valla aliutambuaje ughushi: kwa kuupima na ushahidi mwingine uliokuwa huru. Hati ya uongo huumbuka inapokutana na nyingine isiyoijua. Kipimo hicho hicho ndicho tunachopaswa kukitumia kwa karne nzima, na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Katika maktaba ya Vienna, Austria, kuna kipande cha mafunjo kilichotoka Ihnasiya, Misri. Ni stakabadhi. Kamanda wa Kiarabu aitwaye Abdallah bin Jabir anakiri kwamba amepokea kondoo kwa ajili ya askari wake: 50 wa kuchinja na 15 wengine. Imeandikwa kwa Kigiriki na kwa Kiarabu katika karatasi ile ile, kwa sababu maafisa wa mji walikuwa bado wanaandika Kigiriki na wageni waliofika walikuwa na lugha yao. Upande wa Kiarabu unasema Jumada al-Ula, mwaka wa 22. Upande wa Kigiriki unasema tarehe 30 ya mwezi wa Kimisri uitwao Pharmouthi, mwaka wa kwanza wa duru ya kodi ya Kirumi, duru ambayo hurudi kila miaka 15. Hakuna neno Miladi popote. Sasa kaa na kalamu. Mwaka wa 22 Hijria ulianza mwishoni mwa Novemba 642, hivyo Jumada al-Ula yake iliangukia kati ya 28 Machi na 26 Aprili 643. Tarehe 30 Pharmouthi ni 25 Aprili. Na mwaka wa kwanza wa duru ya kodi ulianza Septemba 642 ukaisha Agosti 643. Mwezi mwandamo wa Waarabu, mwaka wa jua wa Wamisri na duru ya kodi ya Warumi, vyote vinakutana juu ya siku moja ya mwezi Aprili, mwaka 643, katikati ya miaka tunayoambiwa haikuwapo.

Fikiria mtu anayetaka kubuni karne tatu. Angebuni wafalme, vita, watakatifu. Nani angeketi Ujerumani mwaka 1000 atunge risiti ya kondoo 65 kwa lugha mbili, aifukie kwenye mchanga wa Misri, na aoanishe mwezi mwandamo wa miaka zaidi ya 350 nyuma bila kukosea hata mwezi mmoja? Kalenda ya Hijria yenyewe iliwekwa na Khalifa Umar bin al-Khattab yapata mwaka wa 17 wa Hijria. Stakabadhi ile ina miaka mitano tu tangu uamuzi huo, na tayari karani wa mji mdogo wa Misri anaitumia kazini. Hijra ya mwaka 622 imo ndani ya zile karne "zilizobuniwa". Anayezifuta anafuta pia Madina, sarafu zenye mwaka wa 77 alizopiga Khalifa Abd al-Malik, na Baghdad iliyoanzishwa mwaka 762.

Uchina ni shahidi mwingine, na huyu hakupokea chochote kutoka Roma. Enzi ya Tang ilidumu kuanzia 618 hadi 907, yaani karibu yote imezama ndani ya ile miaka 297. Wachunguzi wa anga wa Uchina waliandika kila kitu kigeni walichokiona, zikiwemo nyotamkia. Ile tunayoiita leo ya Halley waliiandika mwaka 607, kisha 684, 760, 837 na 912. Kati ya kila mwonekano na mwingine ni miaka 75 hadi 77. Ukikata 614 hadi 911, nyotamkia hiyo inakuwa imerudi baada ya miaka minane, jambo lisilowezekana kwa njia yake kulizunguka jua. Na waandishi wale hawakujua kwamba ni nyota ile ile. Edmond Halley ndiye aliyelitambua jambo hilo na kulitangaza mwaka 1705. Mtu hawezi kughushi mpangilio ambao siri yake itagunduliwa miaka 700 baada ya kufa kwake.

Miti nayo imeshuhudia. Mwaka 2012 Fusa Miyake na wenzake nchini Japani waligundua kwamba pete ya ukuaji ya mwaka 775 ndani ya mierezi ya kale ina ongezeko kubwa la ghafla la kaboni 14, aina ya kaboni yenye mionzi. Ongezeko hilo hilo limeonekana katika miti ya Ulaya na Marekani, kila mahali kwenye pete ile ile. Tukio la namna hiyo lilitokea tena mwaka 993, na kwa kuhesabu pete kuanzia hapo watafiti wameweza kusema kwamba Wanorse, mabaharia wa Skandinavia, walikata miti Newfoundland, Kanada, mwaka 1021. Pete za mti hazina itikadi.

Kuna kitu kimoja ninachokirudia kila ninapolifikiria suala hili, nacho ni bakuli. Mwaka 1998 ilipatikana merikebu iliyozama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia. Ni chombo cha aina ya Kiarabu, mbao zake zimeshonwa kwa kamba bila misumari, kama mitepe ya kwetu ilivyoshonwa. Ndani yake kulikuwa na vyombo vya udongo vya Kichina vipatavyo 60,000, vingi vikitoka kwenye matanuri ya Changsha. Bakuli moja lilichorwa tarehe kabla ya kuchomwa: siku ya 16 ya mwezi wa saba, mwaka wa pili wa utawala wa Baoli. Kwa Miladi ni mwaka 826. Vigae vya vyombo vya Changsha vimechimbuliwa pia Shanga na Manda, Lamu, na Unguja Ukuu. Mfinyanzi aliyeandika tarehe ile alikuwa akitia alama kwenye mzigo wa kuuza. Hakuwa na habari ya Otto, ambaye hata babu yake alikuwa bado hajazaliwa.

Hapo ndipo suala hili linapotugusa moja kwa moja. Miaka 614 hadi 911 ndiyo iliyouzaa mwambao wetu. Msikiti wa kwanza wa Shanga, uliojengwa kwa miti kabla ya mawe kuanza kutumika, ni wa karne ya nane. Kwenye miaka hiyo wafuasi wa kwanza wa Mtume walivuka bahari yapata mwaka 615 wakapokewa na mfalme wa Habasha. Kwenye miaka hiyo, kuanzia 869 hadi 883, watumwa walioitwa Zanj waliinuka kwenye mabwawa ya chumvi ya Basra, Iraq, wakaishika sehemu ya nchi na kupigana na majeshi ya Khalifa kwa miaka 14. Illig aliandika akiwaza makanisa ya Ujerumani. Lakini mtu anayesambaza video ile kwa Kiswahili, akijiona anafichua uongo wa wakubwa, anasaidia kuufuta uasi mkubwa kuliko wote wa watumwa katika Zama za Kati. Hilo linanisikitisha kuliko hesabu mbovu.

Sisemi kwamba tarehe tulizorithi hazisogei. Zinasogea, na mfano mzuri uko hapa hapa. Tarehe za masultani wa kwanza wa Kilwa zilitegemea masimulizi mawili ya kale, moja lililohifadhiwa kwa Kireno na João de Barros katika karne ya 16 na jingine la Kiarabu, nayo hayapatani. Sarafu za shaba za Kilwa zina jina la sultani lakini hazina mwaka. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kwa miaka mingi, aliuweka utawala wa Ali bin al-Hassan mwishoni mwa karne ya 12. Kisha mwaka 1984 ikapatikana hazina Mtambwe Mkuu, Pemba: sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, zikiwemo zenye jina la Ali bin al-Hassan, zikiwa zimefukiwa pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimi, watawala wa Misri. Dinari hizo zina mwaka wa Hijria, nao ni wa karne ya 10 na ya 11. Sultani akasogezwa nyuma kwa zaidi ya miaka 100. Hivyo ndivyo historia inavyosahihishwa: kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwa kitu kingine chenye tarehe. Hakuna aliyehitaji njama, na karne haikufutwa. Mtu mmoja amehama tu ndani yake.

Tatizo letu kubwa liko kwenye jambo dogo kuliko njama. Hatufundishwi kusoma tarehe. Katika familia yetu kuna daftari la babu lenye kumbukumbu za vizazi na vifo, zote kwa Hijria. Mpwa huyu huyu aliwahi kutafuta mwaka wa kuzaliwa wa shangazi yetu, ulioandikwa 1358. Akajumlisha 622, akapata 1980, mwaka ambao shangazi alikuwa tayari na watoto wakubwa. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo miaka 33 ya Hijria ni kama 32 ya jua, na 1358 ilianza Februari 1939. Katika daftari kosa hilo linaonekana haraka kwa sababu shangazi mwenyewe alikuwa hai wa kulikanusha. Kwenye maandishi ya karne ya tano ya Hijria hakuna shangazi wa kupiga kelele. Mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, ina maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa hati za Kiarabu, yanayotaja mwezi wa Dhul Qaada, yaani Mfungo Pili, mwaka wa 500. Anayejumlisha 622 atasema 1122. Mwaka wenyewe ulianza Septemba 1106, na Mfungo Pili wake uliingia mwishoni mwa Juni 1107. Miaka 15 ya tofauti, kwa kujumlisha vibaya tu.

Kwa hiyo ningependa vibao vya makumbusho na vitabu vya shule viandike mwaka kama ulivyoandikwa na wenyewe kwanza, 500 Hijria, halafu Miladi baada yake. Mwanafunzi akiona namba mbili atauliza kwa nini haziachani kwa 622, na swali hilo moja litamfundisha mengi kuliko orodha ya masultani. Mwalimu wa kidato cha pili anaweza kuchukua kipindi kimoja, akaandika ubaoni maneno ya stakabadhi ya Ihnasiya: kondoo 65, Jumada al-Ula mwaka wa 22, tarehe 30 Pharmouthi, mwaka wa kwanza wa duru ya kodi. Awape jedwali la miezi na awaache wahesabu wenyewe: siku 118 kutoka mwanzo wa Muharram hadi mwanzo wa Jumada al-Ula, kisha 28 mbele. Mpwa wangu nilimpa hesabu hiyo hiyo. Alikosea mara mbili, ya tatu akanitumia picha ya karatasi yake, na chini kabisa alikuwa ameandika 25 Aprili 643.